ELIJAH MASINDE: MKAIDI WA BARA ALIYELETWA LAMU

Sisi watu wa pwani tunamjua vizuri Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyewakataza watu wake kuwatumikia Waingereza. Alikamatwa mwaka 1913 akapelekwa mbali, magharibi ya Kenya, ili sauti yake isisikike tena huku kwetu. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojua kwamba miaka 35 baadaye serikali ile ile ilimchukua mtu mkaidi wa huko magharibi ikamleta pwani, katika kisiwa cha Lamu, kwa sababu hiyo hiyo. Mtu huyo ni Elijah Masinde wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa. Alifariki mwaka 1987, na mpaka leo ukilitaja jina lake katika nchi ya Bungoma au Kitale, mazungumzo mengine husimama.

Mimi ni mtu wa pwani niliyepelekwa na kazi katika nchi hizo. Nilikaa Kitale, nikawa nakwenda Bungoma mara kwa mara, na nilichokiona kwanza ni kwamba wenyeji hawana kauli moja juu ya mtu huyu. Mmoja atakuambia alikuwa nabii. Wa pili atakuambia alikuwa shujaa wa uhuru aliyedhulumiwa. Wa tatu atatikisa kichwa aseme alikuwa mwenda wazimu aliyewaponza watu. Nimeona ni vyema niyaeleze maisha yake kwa utaratibu, kwani ndani yake mna jambo linalomhusu kila mtu aliye na dini yake, awe wa bara au wa pwani.

NCHI ALIYOZALIWA

Masinde alizaliwa Kimilili, chini ya mlima Elgon, kati ya mwaka 1910 na 1912. Kabila lake ni Wabukusu, tawi kubwa la Waluhya. Wakati huo nchi yao ilikuwa sehemu ya wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini.

Kumbukumbu ya vita ilikuwa bado mbichi. Mwaka 1895 Waingereza, wakiongozwa na C. W. Hobley aliyekuwa na makao yake Mumias, waliwapiga Wabukusu katika boma la Lumboka na kisha katika boma la Chetambe, karibu na mahali panapoitwa Webuye siku hizi. Wabukusu walikuwa na mikuki na bunduki chache. Waingereza walikuwa na bunduki za kisasa, askari wa Kisudani na wapiganaji wa Kiganda. Watu wengi waliuawa na ng'ombe wakatekwa. Masinde alikua akisikia habari hizo kutoka kwa wazee waliokuwako.

Mumias ni jina tusilolisahau sisi. Ndiko misafara ya Waswahili ilikokuwa ikipumzika katika njia ya kwenda Uganda, na ndiko mtawala wa Wawanga, Nabongo Mumia, alikosilimu pamoja na watu wengi wa ukoo wake. Mwingereza alimtumia Mumia kuzitawala nchi za jirani, na mwaka 1909 ndugu yake aitwaye Murunga alifanywa chifu huko Kimilili. Kwa hiyo mtoto Masinde alikulia chini ya watawala wawili wa kigeni, mmoja mweupe aliyekaa mbali na mwingine mweusi aliyekaa karibu, na hakuna hata mmoja aliyechaguliwa na wazee wa Kibukusu.

Upande wa mashariki, ng'ambo ya mpaka wa wilaya, iko nchi ya Trans Nzoia ambayo mji wake ni Kitale. Ni nchi ya rutuba na baridi, nzuri kwa mahindi na ng'ombe. Baada ya Vita vya Kwanza serikali iliwagawia walowezi wa Kizungu, na mwaka 1926 tawi la reli likafika Kitale kuchukua mazao yao. Wabukusu waliihesabu sehemu ya nchi hiyo kuwa malisho yao ya zamani. Sasa waliingia humo kama vibarua, wakiruhusiwa kulima kipande na kufuga ng'ombe wachache kwa malipo ya kumfanyia mzungu kazi. Kadiri miaka ilivyopita siku za kazi ziliongezwa na ng'ombe wakapunguzwa. Msomaji aliyewahi kusikia habari za maskwota wa pwani hahitaji maelezo zaidi.

WATU WALIOITWA WATETEMEKAO

Kijana Masinde alisomeshwa na misheni ya Marafiki. Hapa yafaa nisimame kidogo, kwani bila kuwajua watu hawa kisa chote hakieleweki.

Marafiki ni madhehebu ya Kiprotestanti yaliyoanzia Uingereza katika karne ya 17. Kiongozi wao, George Fox, alifundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, hivyo hapana haja ya kasisi wala sherehe za kanisa. Walikataa kula kiapo mahakamani, walikataa kutoa zaka kwa kanisa la serikali, walikataa kupigana vita, tena walikataa hata kuvua kofia mbele ya wakubwa. Kwa kuwa wengine walikuwa wakitetemeka katika ibada, watu waliwadhihaki kwa kuwaita Quaker, yaani watetemekao.

Waliteswa sana. Maelfu yao walitiwa gerezani, akiwamo Fox mwenyewe mara nyingi. Mwaka 1656 mmoja wao, James Nayler, alihukumiwa na Bunge la Uingereza kwa kukufuru. Alichapwa, akachomwa alama katika paji la uso na kutobolewa ulimi kwa chuma cha moto. Katika mji wa Boston, Marekani, Quaker wanne walinyongwa kati ya mwaka 1659 na 1661, mmoja wao akiwa mwanamke, Mary Dyer. Na walionyonga si wapagani. Walikuwa Waprotestanti wengine, ambao wenyewe walikuwa wameikimbia Uingereza kwa kudhulumiwa dini yao. Ni mwaka 1689 tu ndipo sheria ya Uingereza ilipowaachia Marafiki waabudu kwa amani.

Mwislamu yeyote aliyesoma habari za maswahaba wa kwanza walioteswa Makka wakahamia Habasha kwa Najashi atawaelewa watu hawa kwa urahisi, hata kama hawafuati katika itikadi yao. Aliyepigwa kwa ajili ya imani yake anajua thamani ya mlango uliofunguliwa.

Basi, mwaka 1902 Marafiki watatu kutoka Marekani, Arthur Chilson, Edgar Hole na Willis Hotchkiss, walianzisha misheni Kaimosi, katika nchi ya Waluhya. Walijenga shule, hospitali na kiwanda cha mbao. Kazi yao ilienea kaskazini hadi Lugulu na Kimilili. Leo Kenya ndiyo nchi yenye Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Lakini dini iliyozaliwa uhamishoni ilikuwa sasa imekuwa mwenye nyumba. Mwaka 1927 uamsho mkubwa ulitokea Kaimosi. Waumini wa Kiafrika walianza kutetemeka, kulia na kunena kwa lugha, wakisema wameshukiwa na Roho. Misheni iliwazuia, na waliokataa kunyamaza wakatengwa. Kutokana nao yalizaliwa makanisa ya Roho ambayo yako mpaka leo. Watetemekao wa karne ya 17 waliwafukuza watetemekao wa karne ya 20, na kwa sababu ile ile ya kutetemeka.

MCHEZAJI MPIRA NA MKE WA PILI

Masinde hakuwa mtetemekaji. Alikuwa kijana mwenye nguvu, msemaji, na hodari katika kandanda. Alikuwa kapteni wa timu ya Kimilili, na inasimuliwa kwamba mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika mashindano ya Kombe la Gossage. Wazee wapenda mpira wa Kitale na Bungoma huanza na habari hiyo kabla ya kufika kwenye siasa, na nadhani wana haki. Mtu aliyezoea kuongoza wenzake uwanjani, na kushangiliwa na umati, hawi mwepesi wa kupokea amri za karani wa chifu.

Ugomvi wake na Marafiki ulitokana na jambo ambalo msomaji wetu halitamshangaza: alioa mke wa pili. Kwa mila ya Kibukusu jambo hilo ni heshima, na kwa sheria yetu ni halali kwa masharti yake. Kwa misheni lilikuwa dhambi ya kumtenga mtu na ushirika, naye akatengwa. Masinde aliisoma Biblia mwenyewe, akawakuta Ibrahimu na Yakubu wakiwa na wake zaidi ya mmoja na bado ni vipenzi vya Mungu. Akauliza ni nani basi aliyeileta kanuni hiyo, Mungu au mzungu. Kila mkaidi wa Kiprotestanti tangu zamani alianza hivyo hivyo, kwa kukishika kitabu mkononi na kuwauliza wenye kanisa wamepata wapi walilosema.

Yeye alikwenda mbali zaidi ya wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, pamoja na wenzake, wakiwamo Joash Walumoli na Benjamin Wekuke, aliunda Dini ya Msambwa. Neno la kwanza ni letu, lililosafiri na misafara likafika Elgon. La pili ni la Kibukusu: misambwa ni roho za wazee waliotangulia, au kwa lugha ya pwani, mizimu. Walimwabudu Wele, Mungu muumba, wakatoa kafara kwa desturi ya mababu, wakaufanya mlima Elgon kuwa Sayuni yao. Mambo ya Agano la Kale waliyachanganya na ya jadi. Na juu ya yote walifundisha kwamba mzungu aende kwao, na ardhi irudi kwa wenyewe.

Mwislamu atasema katika hayo mna ushirikina, na mimi sina haja ya kubishana naye. Makala haya hayatafuti kuisafisha itikadi ya Masinde. Yanauliza walifanywa nini walioifuata, na kwa haki gani.

MAGUGU NA HOSPITALI YA WENDAWAZIMU

Katika miaka ya Vita vya Pili wakulima wa Bungoma waliamrishwa kung'oa gugu moja baya lililokuwa limeenea mashambani. Kazi ilikuwa ya lazima, haikuwa na malipo, na msimamizi wake alikuwa chifu na askari wake. Mwaka 1944 Masinde na wafuasi wake walikataa. Walipofuatwa na watu wa chifu, waliwapiga. Alishitakiwa akahukumiwa kifungo.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko kifungo. Serikali ilisema mtu huyu hana akili timamu. Mwaka 1945 alipelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Nairobi, akawekwa humo mpaka mwaka 1947. Msimamizi wa Mathari wakati huo alikuwa daktari J. C. Carothers, yule yule ambaye mwaka 1954 aliiandikia serikali kijitabu cha kuzieleza akili za wafuasi wa Mau Mau. Kwa fikira za wakati ule, Mwafrika aliyedai ardhi yake na kukataa kazi ya bure alikuwa na kasoro kichwani.

Kumfunga mtu ni kukubali kwamba alitenda kwa kukusudia. Kumwita mwendawazimu ni kumnyang'anya hata maneno yake, kwani kila atakalolisema baadaye litahesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Masinde hakupona jina hilo. Niliwahi kumsikia mtu wa makamo katika soko la Kitale akimtaja kwa dhihaka hiyo, naye alikuwa mtoto mdogo Masinde alipokuwa mzee. Tuhuma ya daktari wa kikoloni imewazidi umri wote walioiandika.

CHETAMBE NA MALAKISI

Mwezi Mei 1947 Masinde alitoka Mathari, na hakunyamaza. Mwezi Septemba mwaka huo aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe, kwenye boma walipouawa babu zao mwaka 1895. Walichinja, wakawaombea wafu, wakasema hadharani kwamba deni lile halijalipwa. Nimepanda kilima hicho. Ni mahali pa mawe na vichaka, upepo mwingi, na chini unaiona reli ya Uganda na nchi yote ya Bungoma imetandaa. Ukisimama hapo unaelewa kwa nini alikichagua. Mtu wa Kimilili alikwisha kuambiwa shuleni kwamba historia yake ilianza na kufika kwa misheni. Pale Chetambe alionyeshwa kwamba ilikuwako nyingine kabla yake.

Serikali iliogopa, ikatoa amri akamatwe. Masinde akajificha, na wafuasi wake wakawa wanamhama kutoka nyumba hadi nyumba. Huku Trans Nzoia walowezi walianza kuona mazizi na ghala zao zikiteketea kwa moto usiku. Vibarua wa mashamba ya Kitale walikuwa wakivuka mpaka wakihudhuria mikutano, kisha wakirudi kazini asubuhi kana kwamba hapana lililotukia.

Mwezi Februari 1948 mambo yalipasuka. Kwanza wafuasi waliivamia misheni ya Kikatoliki wakitaka mapadri waondoke. Siku chache baadaye, tarehe 10, umati mkubwa ulikabiliana na polisi huko Malakisi. Polisi walipiga risasi. Watu 11 walikufa na wengine 16 wakajeruhiwa.

Katika siku hizo hizo Dini ya Msambwa ilipigwa marufuku, na kabla mwezi haujaisha Masinde akakamatwa mafichoni. Msomaji azingatie tarehe. Mau Mau yenyewe haikupigwa marufuku mpaka mwaka 1950, na hali ya hatari haikutangazwa mpaka Oktoba 1952. Watu wa Malakisi walitangulia, lakini katika vitabu vingi vya historia ya uhuru wamepewa mistari miwili tu.

Amri haikuzuia kitu. Imani ilivuka hadi Uganda, na ikapanda milimani kwa Wapokot, ikichukuliwa na mtu aitwaye Lukas Pkech. Mwezi Aprili 1950, mahali paitwapo Kolloa, Pkech na wafuasi wake walipambana na kikosi cha serikali. Maofisa watatu wa Kizungu na askari mmoja wa Kiafrika waliuawa, na Wapokot wengi zaidi, Pkech akiwa mmoja wao. Masinde hakuwako. Wakati huo alikuwa mbali sana na nchi ya kwao.

ALIPOLETWA KWETU

Mwaka 1948 Masinde, Walumoli na Wekuke waliletwa Lamu. Kwa mtu wa Kimilili hiyo ni safari ya kuivuka Kenya nzima, kutoka mpaka wa Uganda hadi bahari ya Hindi. Mkoloni aliipenda Lamu kwa kazi hiyo. Ni kisiwa, hapana reli, na lugha, chakula na dini ya wenyeji ni tofauti na za mfungwa. Aliamini kwamba mtu wa bara akiwekwa huko atakauka kama mche uliong'olewa.

Naomba msomaji wa Lamu afikiri kidogo. Mtu huyu alifukuzwa na kanisa kwa sababu ya mke wa pili, akatangaza vita na kila dini iliyoletwa na mzungu, halafu akaletwa katika mji wa misikiti na madrasa, mji ambao dini yake haikuletwa na mzungu wala kulindwa na bunduki yake. Watu wa mji huo walisali sala tano, wakasoma maulidi yao, wakaoa kwa sheria yao, na Bwana D.C. hakuwauliza. Mkoloni alikuwa na mikono miwili. Mmoja uliwaachia Waislamu wa pwani makadhi wao, kwa sababu ya mkataba na Sultani wa Unguja na kwa sababu dini yao ilijulikana vitabuni. Wa pili uliwapiga watu wa Elgon, ambao imani yao haikuwa na mkataba wala kitabu cha kuonyesha.

Baadaye alihamishwa Marsabit, katika jangwa la kaskazini. Alikaa kizuizini kwa zaidi ya miaka 12, akaachiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa umekaribia. Kijana mcheza mpira alirudi Kimilili akiwa mtu mzima wa miaka hamsini.

UHURU NA KUFULI LA ZAMANI

Hapa ndipo wengi hutaka kisa kiishe, kwa bendera na ngoma. Hakikuishia hapo.

Katiba ya mwaka 1963 ilimhakikishia kila mwananchi uhuru wa kuabudu. Katiba hiyo hiyo ndiyo iliyotuhakikishia sisi wa pwani mahakama zetu za kadhi. Mwaka 1964 Dini ya Msambwa iliandikishwa kwa sheria, na kwa mara ya kwanza wafuasi wake waliweza kukusanyika mchana. Lakini Masinde hakuwa mtu wa kupiga makofi. Aliona mashamba ya Trans Nzoia yanauzwa, na maskini aliyeahidiwa kurudishiwa nchi anaambiwa alete fedha. Aliona machifu walewale wamebadili kofia tu. Akasema juu ya serikali mpya aliyokuwa akisema juu ya ile ya zamani.

Mwaka 1968 dini yake ilipigwa marufuku tena, safari hii na serikali ya Mzee Kenyatta, naye akarudishwa gerezani mara kwa mara katika miaka iliyofuata. Hata baada ya Kenyatta kufariki mwaka 1978 na Rais Moi kushika madaraka, marufuku haikuondolewa. Masinde alifariki mwaka 1987 na kuzikwa kwao. Alikuwa amefungiwa milango na kanisa, na mkoloni, na serikali ya watu wake, na kila mmoja alitumia sababu ile ile, kwamba anavunja amani.

Je, aliivunja? Haki inataka tuseme yote. Wafuasi wake walichoma mali na makanisa. Waliwatisha majirani Wakristo ambao kosa lao lilikuwa kusali walivyotaka. Masinde aliyedai aachiwe dini ya babu zake hakuwa tayari kumwachia Mbukusu mwenzake dini aliyoichagua mwenyewe, na hilo ni doa katika maisha yake lisilofutika kwa kutaja mateso yake. Aliyechoma ghala au kumpiga mtu ashitakiwe kwa kuchoma na kupiga. Sheria za kutosha zilikuwako. Lakini serikali zote mbili hazikuridhika na hilo. Ziliifanya imani yenyewe kuwa kosa, hata mama mzee wa kijijini aliyemimina pombe ya kafara chini ya mti akawa mhalifu sawa na mchoma moto. Hapo ndipo dhuluma ilipoingia.

Na Marafiki je? Sidhani walimchukia. Walifuata kanuni zao, kama wenye nyumba wafanyavyo. Walikwisha kusahau siku ambazo kanuni za wengine ziliwatoboa ndimi. Ni mwendo wa siku nyingi duniani: Waprotestanti wa Boston waliowanyonga Quaker, Quaker wa Kaimosi waliowatenga watu wa Roho, na Masinde aliyetaka mapadri waondoke. Kila mmoja alikuwa amepigwa kabla hajapiga.

Sisi wa pwani tusijihesabu kuwa watazamaji. Uhuru wetu wa dini tuliupata kwa mkataba na kuutia katika katiba, na ile ya mwaka 2010 imeurudia. Tunaulinda kwa wivu, na ni haki yetu. Lakini katika kipengele hicho hicho yumo pia mzee wa Kimilili anayegeuka kuutazama mlima anapomwomba Wele. Wafuasi wa Masinde wako mpaka leo, wachache, katika vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia, na wengi wao ni wazee. Hawana minara wala kengele. Serikali iliyopata nguvu ya kuamua mwaka 1968 kwamba ibada yao si ibada haikuhitaji sheria mpya ili iamue hivyo juu ya ibada ya mtu mwingine. Ilihitaji tu majirani wanyamaze kwa kuwa jambo haliwahusu, na katika mwaka 1968 tulinyamaza.